Ghafla kwa Nani? Onyo, Fununu na Ujuzi wa Wakubwa, Kutoka Tanga 1914 hadi Kagera 1978



Naomba nianzie kwenye benchi la kahawa. Mwezi Novemba 1978 nilikuwa kijana, nikikaa kwa mjomba wangu Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Sikukuu. Jioni watu walikusanyika kwa muuza kahawa, redio imewekwa juu ya kasha, na mazungumzo yote yalikuwa ya vita. Siku chache zilikuwa zimepita tangu Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba na kulieleza kuwa majeshi ya Idi Amin yameingia katika ardhi yetu na kwamba tutapigana. Vijana tulikuwa tukiyarudia maneno yake matatu, sababu, nia na uwezo, kama watoto wanaokariri beti. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa yake kimya alingoja mpaka tukachoka, kisha akanigeukia mimi kwa kuwa alijua nasoma, akaniuliza: "Mjukuu wangu, hebu nieleze. Wakubwa walijua?"

Nilimjibu kwa haraka ya ujana kwamba hawakujua, maana kila mtu alikuwa akisema tumevamiwa ghafla. Mzee akatabasamu. Akasema kuwa yeye alikuwa mtoto mdogo manowari za Mwingereza zilipoupiga mji huu mizinga, mwaka wa kwanza wa vita vya Mjerumani. Mama yake alimfunga mgongoni akakimbia naye mpaka shamba. Na siku ile nayo watu waliambiwa kuwa ni ghafla. Hakuongeza neno. Alilipa kahawa yake akaondoka.

Mhadhara huu ni jaribio la kumjibu mzee yule, kwa kuchelewa sana. Mimi si mwanahistoria wa vita. Ni mtu wa lugha, na naomba wenzangu wa Idara ya Historia waniwie radhi nikipita katika shamba lao. Nimethubutu kupita kwa sababu moja. Kila mara swali la kama viongozi walikuwa wameonywa kabla ya shambulio linapoulizwa, hapa kwetu au ughaibuni, watu hubishana juu ya nyaraka, ilhali mara nyingi kinachowagombanisha ni maana ya vitenzi. Kusikia ni kujua? Kujua ni kuamini? Na aliyeletewa fununu, je, ameonywa?

Neno ghafla na ndugu zake

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Ghafla tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu halikuhusu wepesi wa jambo linalokuja. Lilihusu hali ya yule anayejiwa, yaani kutokuwa macho, kusahau, kupitiwa. Kiswahili hakikuipoteza maana hiyo kabisa. Tunalo neno kughafilika, na mtu aliyeghafilika hatusemi kwamba kuna kitu kilichomwendea mbio. Tunasema kwamba alipitiwa. Kwa hiyo, tukichimba chini ya matumizi ya leo, sentensi "adui alitushambulia ghafla" inasema habari za adui kwa juu tu. Kwa ndani inasema habari zetu sisi.

Kielezi kushtukiza kina mwelekeo tofauti. Katika maneno shambulio la kushtukiza, mtenda ni mshambuliaji. Yeye ndiye aliyepanga, akanyata, akavizia. Mara nyingi viongozi waliopigwa hupenda neno hili kuliko lile la kwanza, na si ajabu, kwa sababu linaupeleka mzigo wote upande wa pili wa mpaka.

Sasa tuje kwenye onyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu anajua kuwa onya ni ona iliyotiwa kiambishi cha kale cha utendeshi, kama tunavyopata ponya kutokana na pona, levya kutokana na lewa, na ogofya kutokana na ogopa. Kuonya, basi, ni kumfanya mtu aone. Nakiri kuwa nimelipenda jambo hili kwa miaka mingi, labda kuliko linavyostahili, lakini naona lina uzito katika hoja yetu. Barua iliyofika ikawekwa kwenye faili imekuwa taarifa. Bado haijawa onyo, kwa kuwa hakuna aliyeona. Vivyo hivyo dalili ni kitu kilichopo hata kama hakuna anayekitazama. Fununu ni kitu kinachosemwa bila mwenyewe wa kukisimamia. Tahadhari ni kile anachokifanya aliyeona. Tukiyachanganya maneno haya, na magazeti yetu huyachanganya kila siku, swali la mzee haliwezi kujibika.

Tanga: siri iliyokuwa ikiuzwa sokoni

Nimechagua kulianza jambo hili mbali kidogo na Kagera, kwa sababu mifano ya zamani ina nyaraka za pande zote mbili na wahusika wake hawawezi tena kununa.

Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Tarehe 8 manowari Astraea ilikuja mbele ya Dar es Salaam na kukipiga kituo cha simu isiyo na waya. Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha gati lao lielealo kwenye mlango wa bandari ili meli za vita zisiingie. Baada ya mizinga michache yalifikiwa makubaliano: mji usipigwe, nao usitumike kivita. Siku chache baadaye makubaliano ya aina hiyo yalifanywa Tanga. Gavana Heinrich Schnee aliyapokea kwa mikono miwili, maana alitaka miji ya pwani isalimike. Kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amefika koloni hilo Januari mwaka uleule, hakuyapenda hata kidogo. Serikali ya Uingereza nayo ilikataa kuyathibitisha, ila haikuwaambia Wajerumani kwamba imekataa. Tuliweke jambo hili akilini, kwa kuwa fundo zima limo humo.

Tarehe 16 Oktoba kikosi cha askari wapatao 8,000 kiliondoka Bombay chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Mpango ulikuwa kuitwaa Tanga kabla Wajerumani hawajatanabahi, kisha kupanda na reli ya Usambara hadi Moshi. Uzuri wa mpango huo wote ulitegemea siri, na siri haikuwapo. Makasha ya kikosi yalikuwa yameandikwa jina la kikosi na mahali kinapokwenda, waziwazi, mbele ya wapakiaji wa bandarini. Habari za msafara zilitembea magazetini. Barua na magazeti yaliyotekwa yalimfikia Lettow-Vorbeck, naye ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyotambua kuwa kikosi kikubwa kinakuja kutoka Bara Hindi. Mwishoni mwa Oktoba alikwenda Tanga mwenyewe, akaitazama ardhi, akazungumza na mkuu wa wilaya, Auracher. Kwa kuwa maagizo ya Gavana yalikuwa mji usihatarishwe, alimwambia Auracher kwamba yeye kamanda ndiye atakayebeba lawama pindi mji utakapopigwa mizinga. Hapo ndipo ninapopaona kuwa kiini cha onyo la Tanga, kuliko kwenye makasha. Kulikuwa na mtu aliyeona, akamwambia mwenzake jambo la kufanya, tena akakubali kulaumiwa.

Kisha likaja tukio ambalo lingekuwa kichekesho kama watu wasingekufa. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari Fox iliingia Tanga peke yake. Kapteni wake, Caulfield, alimwita Auracher melini akamjulisha kuwa makubaliano ya Agosti yamebatilika, na akampa saa moja ausalimishe mji. Kwa nini ufanye hivyo, nawe umekuja kushtukiza? Kwa sababu jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limetoa neno lake Agosti, na maofisa wake waliona haya kupiga bila kuliondoa neno hilo kwanza. Auracher aliomba muda wa kuwauliza wakubwa wake, akateremka, akavaa sare yake ya luteni wa akiba, akapeleka simu Moshi. Hakurudi. Fox ilingoja, kisha ikaondoka kwenda kuzileta meli za askari. Usiku huo Waingereza walianza kushuka Ras Kasone, na treni za Lettow-Vorbeck nazo zilikuwa zikiteremka kutoka kaskazini.

Yaliyofuata yanajulikana. Shambulio la tarehe 3 lilirudishwa nyuma, mapigano makubwa yakawa tarehe 4, na tarehe 5 Waingereza wakapanda meli zao wakiacha bunduki kwa mamia na risasi kwa mamia ya maelfu, askari wao wapatao 800 wakiwa wameuawa, wamejeruhiwa au wametoweka, mbele ya adui asiyezidi sana elfu moja. Hadithi ya nyuki waliowakimbiza askari imependwa mno kuliko inavyostahili. Nyuki walikuwapo kweli, lakini walioushinda mji ule ni watu waliokuwa wamepata habari siku kadhaa mapema. Aitken alishushwa cheo, na serikali yake ikaificha habari ya kushindwa kwa miezi.

Je, nani aliyeshambuliwa ghafla Tanga? Kwa maana ya asili ya neno, ni mshambuliaji. Yeye ndiye aliyeghafilika.

Hapa nitoe angalizo kwa wanafunzi watakaokwenda kusoma habari hizi. Mashahidi wengi wa "mimi niliwaambia" waliandika baadaye. Mashuhuri kuliko wote ni Richard Meinertzhagen, ofisa wa upelelezi aliyekuwa na kikosi kile, ambaye shajara zake humwonyesha akiuona kila msiba kabla haujatokea. Wachunguzi wa miaka ya karibuni wameonyesha kuwa sehemu za shajara hizo ziliandikwa upya miaka mingi baada ya matukio. Unabii wa namna hiyo ni rahisi. Hata methali zetu hufanya kazi hiyohiyo: mvua ikinyesha tunasema dalili ya mvua ni mawingu, isiponyesha tunasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Zote mbili ni za kweli, na hakuna hata moja inayokuambia leo asubuhi ubebe mwavuli au la.

Ni hoja hiyo aliyoijenga Mmarekani Roberta Wohlstetter katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu shambulio la Wajapani kwenye Pearl Harbor la tarehe 7 Desemba 1941. Alionyesha kuwa Wamarekani hawakukosa ishara. Walikuwa nazo tele, ila zilizama ndani ya makelele ya ishara nyingine zilizoelekeza kwingine. Baada ya tukio makelele hunyamaza, ishara ya kweli hubaki peke yake ikimeremeta, na kila mtu hushangaa imekuwaje haikuonekana.

Bandarini Dar es Salaam

Mizinga aliyoikumbuka mzee wangu ni ya mwisho wa mwezi uleule. Tarehe 28 Novemba 1914 manowari Goliath na Fox zilikuja mbele ya bandari yetu. Waingereza walitaka kuzikagua na kuziharibu mitambo meli za Kijerumani zilizokuwa ndani, miongoni mwake König, Feldmarschall na ile meli ya hospitali Tabora. Bendera nyeupe ilikuwa ikipepea, na maofisa wa mji walikubali ukaguzi. Mashua ziliingia, na zilipokuwa zikitoka zilipigwa risasi kutoka ufukweni. Kamanda Henry Peel Ritchie alijeruhiwa mara nane na baadaye akapewa nishani ya Victoria. Manowari zikaupiga mji, na tarehe 30 zikaupiga tena.

Kila upande uliandika kuwa umefanyiwa hiana chini ya bendera nyeupe. Waingereza walisema mashua zao zilishambuliwa ghafla. Wajerumani walisema kazi iliyofanywa melini haikuwa ukaguzi waliokuwa wameukubali. Sina haja ya kuwaamulia. Jambo linalonivuta ni kwamba wote wawili walikuwa na sababu ya kutarajia shari. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu Tanga, ambako lile neno la Agosti lilikuwa limetenguliwa hadharani. Ambao hawakuwa na sababu ya kutarajia ni watu wa mji: wauza samaki, wachukuzi, mama yule aliyemfunga mwanawe mgongoni. Saa moja aliyopewa Auracher haikuwa saa yao.

Msomi wa Kiswahili ataniuliza: lugha yetu ilikuwa wapi katika habari hizi? Ilikuwa kila mahali ila kwenye kumbukumbu rasmi. Tanga ndipo lilipokuwa likichapishwa gazeti la Kiswahili Kiongozi, katika shule ya serikali, kuanzia 1904 hadi vita vilipolizima mwaka 1916. Utawala wa Kijerumani uliendeshwa kwa Kiswahili na maakida, makarani na walimu waliosoma katika shule kama ile. Ripoti zikaandikwa Kijerumani na Kiingereza, na tangu hapo tumekuwa tukiamini kuwa waliojua ni wale tu walioandika.

Aidha, utamaduni wetu wa maandishi ulikuwa na fikra zake juu ya onyo kabla ya vita. Anayesoma tenzi za kale, tangu Utendi wa Tambuka ambao nakala yake ya zamani ina tarehe ya mwaka 1728, atakuta kuwa barua hutangulia upanga. Mjumbe huenda, barua husomwa, jibu hurudi, ndipo majeshi hutoka. Mshairi haoni kuwa barua inaharibu ushindi. Ndiyo inayoufanya uwe wa haki. Kapteni Caulfield, ambaye sidhani kama alipata kusikia hata ubeti mmoja wa utenzi, angeeleweka vizuri Pate kuliko alivyoeleweka na maofisa wa Aitken.

Jina la mtaa

Majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Kwenye eneo lililo magharibi ya Mnazi Mmoja, ambalo Wajerumani walikuwa wamelipima kwa makazi ya Waafrika, iliwekwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Masikio ya Waswahili yalisikia walichokisikia na si kilichoandikwa: herufi za mwisho ambazo Mwingereza mwenyewe hazitamki hazikuingia, irabu ndefu ikabaki ndefu, tukapata Kariakoo. Nairobi neno lilelile likawa Kariokor, likishika ile r ya maandishi. Jengo lililojengwa na Wajerumani mahali pale kwa ajili ya sherehe za Kaiser likatumiwa na wapagazi, na kuanzia mwaka 1923 likawa soko. Soko la sasa, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na moto wa Julai 2021 ukaliunguza.

Nalitaja jina hili kwa sababu linayo sehemu ya jibu letu. Wapagazi waliokufa katika vita vile, kwa pande zote, wanakadiriwa na wanahistoria wengi kuwa zaidi ya 100,000. Wachache kati yao waliuawa kwa risasi. Wengine walikufa kwa kuhara, homa na njaa, njiani na kambini, mbele ya macho ya waliokuwa wakihesabu mgao wa unga. Kifo cha mpagazi hakikuwa na ghafla ndani yake. Waliouliza nani alijua nini kabla ya Tanga walikuwa wakitafuta sababu za kushindwa kwa majenerali; juu ya wapagazi hakukuwa na mshtuko uliohitaji kuelezwa. Ndiyo maana nasema kuwa swali la onyo, jinsi linavyoulizwa kwa kawaida, ni swali la wakubwa juu ya wakubwa.

Kagera

Sasa nirudi kwenye benchi la kahawa. Amin alitwaa madaraka Uganda tarehe 25 Januari 1971, na Milton Obote akapata hifadhi Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania wakashindwa. Amin akajibu kwa ndege, mabomu yakaanguka Bukoba na Mwanza. Mwezi uliofuata nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya Mogadishu, ambayo pamoja na mengine yalizitaka ziyaondoe majeshi yao umbali wa kilometa 10 kutoka mpakani. Tangu hapo Amin alitisha, akashutumu, akatisha tena. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Macho ya taifa letu wakati huo yalikuwa yametazama kusini, kwenye ukombozi, na si kaskazini magharibi.

Oktoba 1978 ndege za Uganda zilivuka mpaka na kudondosha mabomu upande wetu. Kulikuwa na mapigano madogo. Redio Uganda ikadai kuwa Tanzania ndiyo iliyoivamia Uganda, na serikali yetu ikakanusha. Tarehe 30 Oktoba askari wa Amin kwa maelfu waliingia katika nchi iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera, na tarehe 1 Novemba wakatangaza kuwa eneo hilo, lipatalo kilometa za mraba 1,800, limekuwa la Uganda. Amin alijisifu kuwa kazi hiyo imechukua dakika 25. Daraja la Kyaka likavunjwa. Mifugo ikaswagwa, nyumba zikaporwa, watu wakauawa, wanawake wakanajisiwa.

Wakubwa walijua? Kwa upande wa dalili, sioni nafasi ya ubishi. Mabomu si fununu. Shutuma ya Redio Uganda nayo ilikuwa dalili nzito kuliko zote, kwani mtu anayetangaza kuwa umemvamia, ilhali yeye mwenyewe anajua hukufanya hivyo, anatafuta udhuru. Hayo yote yalikuwa hadharani wiki kadhaa kabla ya tarehe 30, na mtu yeyote mwenye redio Kariakoo aliweza kuyasikia. Kwa maana hiyo, wale wanaosema hapakuwa na lolote lililojulikana wanakosea. Wanakosea pia wale wanaosema kwamba basi viongozi walijua wakaacha makusudi ili wapate sababu ya kumwondoa Amin. Nimelisikia dai hilo mara nyingi, hata ndani ya kuta za chuo, na kila mara ushahidi wake huwa ni kwamba vita vilikwisha kwa Amin kuondoka. Huko ni kuusoma mwanzo kwa kuanzia mwisho. Nchi iliyotegesha mtego haijikuti ikiwa na askari wachache mno mpakani kiasi cha kulipoteza eneo zima kwa siku moja, wala Waziri Mkuu wake, Edward Sokoine, halazimiki kukusanya malori na mabasi ya raia kutoka kila kona ili kulifikisha jeshi vitani.

Nionavyo mimi, viongozi wetu walikuwa na dalili tele na onyo haba. Waliyasikia makelele ya chura kwa miaka saba, nao walikuwa na sababu ya kuyapuuza, kwa kuwa mara nyingi hayakuwa na kitu nyuma yake. Wakaheshimu mpaka na masharti ya Mogadishu kuliko mwenzao alivyoyaheshimu. Hilo ni kosa la hesabu, na nalitaja kuwa kosa bila kumkosea heshima Mwalimu, ambaye alipolitambua hakusita. Kuna tukio moja la siku zile za mwanzo ambalo halisemwi sana. Ndege tatu za kivita za Tanzania, zikirudi Musoma, zilitunguliwa na mizinga yetu wenyewe. Makao makuu yalijua kuwa ndege zile ni zetu. Waliokuwa kwenye mizinga hawakuambiwa. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi umbali uliopo kati ya ujuzi wa juu na macho ya chini.

Umbali huohuo ndio uliokuwa kati ya Dar es Salaam na vijiji vya ng'ambo ya Mto Kagera. Wale watu waliyaona majeshi mpakani, waliisikia milio, na mengi ya waliyoyajua waliyajua kabla ya sisi. Walichokosa ni neno kutoka kwa mwenye mamlaka la kuwaambia: ondokeni. Kukanusha kwetu kwa mwezi ule wa Oktoba kulielekezwa Kampala na kwa mataifa; kulikuwa kweli tupu, na kulisema kuwa hatukuvamia. Kwa mwanakijiji aliyekuwa akisikiliza redio ileile, hapakuwa na kitenzi hata kimoja kilichomhusu.

Utungaji wa Kiswahili uliwahi kuvipokea vita hivi mapema. Henry Muhanika alichapisha mwaka 1981 utenzi wake wa vita vya Kagera na anguko la Amin, akaendeleza jadi ya tenzi za vita niliyoitaja. Mkoa wenyewe ulioitwa Ziwa Magharibi ukabadilishwa jina mwaka 1979 ukawa Kagera. Wanafunzi wangu wengi hawajui kuwa jina hilo la mkoa ni kovu, kama wasivyojua kuwa Kariakoo nalo ni kovu.

Vita vilipokwisha nilimtafuta mzee yule nimpelekee jibu. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kusema "kulikuwa na upungufu wa taarifa". Nilimkuta kwenye benchi lilelile. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza habari za mpaka na za Mogadishu kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema: "Mjukuu wangu, mimi nilikuuliza vibaya. Nilitaka kujua, wale wa kule waliambiwa?"

Nimeirudia sentensi ile mara nyingi darasani kama mfano wa kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza mtenda ni nani, na kila mwaka nusu ya darasa huandika "serikali" na nusu huacha pengo. Karatasi hizo ninazo, za miaka mingi, ndani ya kabati langu Mlimani, na mtafiti yeyote kijana anayetaka kuzitazama anakaribishwa.